Gitaa Lililovuma Kabla ya Kupigwa

Mpwa wangu alinijia Kibokoni usiku wa Jumatano baada ya sala ya isha, gitaa begani limeviringwa shuka kama mtoto mgonjwa. Salamu hakuimaliza.

"Mjomba," akasema, "nimeliua."

Nalimwambia aketi kwanza. Ilikuwa Shaabani ya mwaka 2018, mvua za masika zinamwagika, na Mombasa nzima ilikuwa mbioni kumaliza harusi zake kabla Ramadhani haijaandama. Moja katika harusi hizo ilikuwa yetu. Dada yangu alikuwa anamwozesha binti yake siku ya Jumamosi, na huyu kijana, nduguye bibi harusi, ndiye mpiga gitaa wa kikundi cha taarabu kilichoalikwa. Shairi la kumuaga bibi harusi nalilitunga mimi mwenyewe, beti kumi na mbili. Kwa hivyo huyo maiti aliyekuwa ndani ya shuka alinihusu.

Gitaa lenyewe si la bei kubwa. Ni nakala ya Stratocaster, lile gitaa ambalo kampuni ya Fender ya Marekani ililitoa mwaka 1954 na ambalo tangu hapo limeigwa na viwanda visivyo na idadi. Kijana alilinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa akipiga katika mahoteli ya pwani ya kaskazini, na kama kila kitu cha chuma kilichokaa karibu na bahari yetu, lilikuwa limeliwa na chumvi. Ukizungusha kitufe cha sauti lilikwaruza kama kuku anayechakura ukoko kwenye sufuria. Basi akaona bora abadilishe vyote vya ndani: vitufe vitatu, swichi, tundu la jeki na nyaya zote. Akanunua vifaa, akaazima chuma cha kulehemu, akakesha. Alfajiri akalichomeka. Gitaa halikukwaruza tena. Lilivuma.

"Lavuma vipi?" nalimuuliza.

"Lavuma kabla sijaligusa."

Asubuhi yake nalikwenda Majengo kwa dada yangu kuusikia mvumo huo kwa masikio yangu. Wasomaji wanaujua. Ni ule unaosikika katika vipaza sauti vya msikiti kabla muadhini hajasafisha koo, lakini huu ulikuwa mara kumi yake, umejaza sebule, vikombe vyatikisika kabatini. Na mimi nalikuwa na dhiki yangu ya pekee. Kina cha mwisho cha shairi langu nalikifunga kwa "mu", beti zote kumi na mbili. Gitaa lile, kwa "mmmm" yake isiyokatika, lilikuwa limeshamaliza vina vyangu vyote kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Gitaa la umeme si mgeni hapa Pwani. Marehemu Fundi Konde, mwana wa Pwani aliyezaliwa mwaka 1924 akafariki mwaka 2000, ahesabiwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kulipiga. Katika taarabu limeingia likakaa, pamoja na kinanda cha umeme, mpaka vijana wengine hudhani lilikuwako tangu zamani. Hata hivyo tofauti yake na udi ni kubwa kuliko wanavyodhani. Udi wa marehemu Zein l'Abdin, aliyetuacha mwaka 2016, ulikuwa na tumbo, na sauti ilizaliwa humo tumboni. Gitaa la umeme halina tumbo. Ni ubao mzito tu. Sauti yake huzaliwa katika kidude ambacho wapigaji hukiita pikapu (wala si ile inayobeba maembe kutoka Malindi): vipande vya sumaku vilivyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko elfu saba, hata elfu nane. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa ndani ya waya huo, na amplifaya huukuza mpaka mtaa mzima ukausikia. Kule Marekani mtu aitwaye George Beauchamp aliunda chombo cha namna hiyo mwaka 1931, na asili yake haijabadilika mpaka leo.

Aibu ya kidude hicho ni kwamba hakichagui. Uzi ukitikisika, chasikia. Nyaya za umeme ukutani nazo zatikisika kwa namna yake, mara 50 kwa kila sekunde hapa kwetu Kenya, na hizo nazo chazisikia. Ukitaka kujua mvumo huo uko wapi katika kinanda, tafuta noti ya G ya chini kabisa. Uko jirani nayo. Marekani umeme wao hutikisika mara 60, kwa hivyo mvumo wao wakaa juu zaidi, karibu na B. Hata kelele zina nchi zao.

Nalimwita fundi. Ni mzee wa redio pale pale Majengo, mtu aliyeanza kazi siku redio zilipokuwa na taa ndani yake, na sasa hutengeneza chaja za simu na vipaza sauti vya misikiti. Alikuja na mfuko wa ngozi, kofia ya vito, na ndara za mpira miguuni. Nataka msomaji azikumbuke hizo ndara.

"Maalim," akaniambia, "msinieleze neno. Niacheni nisikilize."

Akaketi kitako mbele ya spika, akafumba macho. Naliona haya kidogo, maana nalimkumbuka mwalimu wetu wa chuoni. Sisi watoto tulikuwa thelathini, kila mmoja yuko sura yake, kelele tupu, naye amejinyoosha mkekani macho yamefumba. Ghafla fimbo yagonga sakafu na jina la mmoja wetu laitwa, kwa kuwa ameitoa "ha" mahali pa nyingine. Katika vurugu lile alikuwa akisikia koo moja. Fundi huyu naye alikuwa wa chuo hicho. Alisema kuvuma si kukwaruza, kukwaruza si kutoa sauti kama mchele unaomiminwa kwenye ungo, na kila moja ina mahali pake pa kutafutwa. Huu ulikuwa mvumo mnene wenye mchanganyiko wa nyuki juu yake. Akafungua macho.

Kwanza aliuchomoa waya wa gitaa kwenye amplifaya. Kimya, ule mchele tu ukabaki. Basi amplifaya yenyewe haivumi. Akaurudisha, akazungusha kitufe cha sauti cha gitaa mpaka sifuri. Kimya tena. Basi waya wa katikati nao hauna kosa, na kelele yaingia kabla ya kufika kwenye kitufe. Akapandisha sauti, mvumo ukarudi. Akamwambia kijana, "Ziguse nyuzi." Kijana akaziguse, mvumo ukabaki vile vile. Kisha fundi mwenyewe akagusa chuma cha plagi pale inapoingia kwenye tundu la gitaa. Mvumo ukashuka kama mtu aliyezibwa kinywa kwa kiganja.

"Nyuzi zako ni mayatima," akamwambia. "Hazina mzazi."

Maana yake ndiyo hii. Mwili wa mtu ni mlingoti wa kunasa kelele. Tukisimama ndani ya nyumba yenye umeme sote tumebeba kelele zake bila kujijua, na mpiga gitaa amelikumbatia gitaa lake, kwa hivyo humwagia kelele hizo ndani ya pikapu. Ndiyo sababu ndani ya gitaa huwa kuna waya mmoja usiopitisha muziki wowote. Hutoka kwenye chuma kinachoshika nyuzi ukaungana na upande wa ardhi wa tundu la jeki. Kidole kikigusa uzi, kelele ya mwilini hupata njia ya kutoka. Gitaa zima hunyamaza kidogo likiguswa, na hilo ndilo jambo la kawaida. Likiguswa lisibadilike, waya huo umekatika. Na likiguswa likazidi kupiga kelele, fundi akasema, basi mtu amezigeuza nyaya mbili za tundu la jeki, wa sauti ukakaa pa ardhi na wa ardhi pa sauti. Wengi hufanya kosa hilo siku ya kwanza.

Tuliligeuza gitaa, tukaondoa kifuniko cha nyuma kwa bisibisi. Waya ulikuwapo. Kijana alikuwa ameulehemu mahali pake hasa, kwenye kile kipande cha chuma kinachozuia springi. Lakini lehemu yenyewe ilikaa juu ya chuma kama tone la maji juu ya jani la myugwa, imeng'aa, ya mviringo, haikushika chochote. Fundi aliisukuma kwa ukucha ikaruka.

Kosa hapo ni la moto. Chuma cha kulehemu alichoazima kilikuwa cha wati 25, kizuri kwa nyaya ndogo, lakini kile kipande cha springi ni kizito na hunywa moto wote. Lehemu huyeyuka juu, chini chuma bado baridi. Fundi alikwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka kikameta, akatoa kwenye mfuko wake chuma cha wati 60, akakipasha kile kipande chenyewe kwanza, muda mrefu, na hapo ndipo alipogusisha lehemu. Ikatambaa ikalala. Akaweka mita yake, mita ya zamani yenye mshale, ncha moja kwenye nyuzi na ncha ya pili kwenye tundu la jeki. Mshale ukaenda mpaka sifuri ya ukinzani, yaani njia i wazi.

Tulichomeka. Mvumo ulikuwa umeshuka zaidi ya nusu. Nyumba nzima ilifurahi, hata kina mama waliokuwa wakichagua mchele ukumbini walipiga kigelegele kimoja cha mzaha. Kijana alivua viatu, kama ilivyo desturi yake akitaka kupiga kwa raha, akasimama juu ya sakafu ya saruji iliyokuwa imetoka kupigwa maji, akaanza wimbo. Akaacha. Akacheka.

"Mjomba, nyuzi zanitekenya."

Fundi hakucheka. Sijapata kumwona mzee wa umri ule akiruka namna ile. Aliivuta plagi ya amplifaya ukutani kwa waya wake, jambo ambalo yeye mwenyewe humkanya kila mtu asifanye, na amplifaya ikafa na taa yake.

"Liweke chini," akasema. "Usiliguse tena."

Amplifaya ile haikuwa ya kijana. Aliiazima kwa ajili ya harusi kutoka kikundi kingine, kwa kuwa yake ni ndogo. Fundi akaifungua plagi. Msomaji anazijua plagi zetu za pembe tatu za mraba, tulizorithi kwa Waingereza. Pembe ile ndefu ya juu ndiyo ya ardhi. Haileti umeme, kazi yake ni kuuchukua umeme uliotoroka na kuupeleka udongoni, ili usipite kwa mtu. Ndani ya plagi ile waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano, ulikuwa umekatwa kwa koleo, nadhifu kabisa, ncha yake ikakunjwa ikafungwa utepe. Haukukatika wenyewe. Mtu aliukata.

Na aliukata kwa sababu ya mvumo. Hili ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kikundi kikiwa na amplifaya, kinanda na mashine ya kuchanganyia sauti, vyote vimeungana kwa nyaya za sauti, na kila kimoja kimechomekwa soketi yake, basi kila kimoja kina njia yake ya kwenda ardhini. Njia hizo zikikutana kwa nyaya za sauti hufanya duara, na duara la waya ndani ya nyumba yenye umeme ni koili nyingine, kubwa kama sebule. Nayo huvuma. Mtu asiyejua akikata waya wa ardhi mmoja, duara hukatika na mvumo hufa papo hapo. Husifiwa kuwa fundi hodari. Vikundi humwita tena.

Dawa yake ya haki ni rahisi kuliko koleo: vyombo vyote vichomekwe kwenye ubao mmoja wa soketi, kutoka soketi moja ya ukutani, mradi vyote pamoja havizidi nguvu ya soketi hiyo.

Nikamuuliza fundi, kwa nini kijana hakutekenywa alfajiri, alipopiga na amplifaya hiyo hiyo? Akanitazama, kisha akalitazama gitaa. "Alfajiri nyuzi zilikuwa mayatima," akasema. "Leo tumewapa mzazi."

Ilinichukua muda kuielewa jawabu hiyo, na nilipoielewa nilitafuta mahali pa kuketi. Waya tuliouunganisha huunganisha nyuzi na chuma chote cha amplifaya. Amplifaya ikiwa na ardhi nzuri, vidole vya mpigaji viko salama kuliko mwanzo. Ikiwa haina, na ndani yake umeme unavuja, vidole vyake tumevifunga kwenye umeme kwa mikono yetu, kwa lehemu safi, na mita imeshuhudia. Katika amplifaya nyingi za zamani kuna kapasita iliyotiwa makusudi kati ya umeme wa ukutani na chuma cha chombo, kwa ajili hiyo hiyo ya kupunguza mvumo. Ikiwa nzima, hupitisha umeme kidogo tu, nao ndio ule unaotekenya. Ikifa kwa kuungana, hupitisha zote volti 240. Fundi alikuwa na ndara za mpira, mimi nalikuwa na viatu. Mtoto wa dada yangu ndiye aliyekuwa miguu mitupu juu ya saruji yenye maji.

Jambo hili limeua watu waliokuwa na mafundi bora kuliko wetu. Mwezi wa Mei mwaka 1972, mjini Swansea huko Wales, Les Harvey, mpiga gitaa wa kikundi cha Stone the Crows, aliigusa maikrofoni jukwaani mbele ya watu waliokuja kumsikiliza, umeme ukamuua. Miaka minne baadaye, mwezi huo huo wa Mei, Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa nyumbani kwake akipiga gitaa la umeme. Kwa kawaida ajali kama hizo hutaka vyuma viwili: mkono kwenye nyuzi, mdomo au mkono wa pili kwenye maikrofoni, na moja katika hivyo haina ardhi. Mimi mwenyewe, katika harusi moja miaka mingi iliyopita, maikrofoni iliniuma mdomo nikisoma shairi. Nalicheka. Watu wakacheka. Nalidhani ni mzaha wa chombo kibovu.

Turudi Majengo. Fundi aliurudisha waya wa ardhi mahali pake, akaifunga plagi, na mimi nikadhani kazi imekwisha. Yeye akaenda ukutani. Akatia ncha za mita katika matundu mawili ya chini ya soketi ya dada yangu. Mshale ukainuka mpaka 240. Akahamisha ncha moja kutoka tundu la chini la kushoto hadi tundu la juu, lile la ardhi. Hapo mshale ungepaswa kuinuka vile vile. Haukuinuka. Tundu lilikuwapo, la mraba, zuri, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Nyumba ile ina matundu ya ardhi kila chumba, na kwa miaka yote dada yangu na watoto wake wameishi humo, hapakuwa na waya hata mmoja uliofika udongoni.

Dada yangu alitoka jikoni na mikono ya unga, akauliza tunanong'ona nini. Tukamwambia. Akasema, "Lakini sisi twaitumia kwa kalamu tu." Alikuwa akisema lile ambalo karibu kila nyumba hulifanya: chaja ya pembe mbili ikikataa kuingia, mtu hutia kifuniko cha kalamu katika tundu la juu ili milango midogo ya chini ifunguke. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo kazi pekee ya tundu la ardhi.

Ilikuwa Alhamisi adhuhuri, na nyumba haiwezi kutiwa nyaya upya kwa siku mbili huku biriani inapikwa. Fundi alizunguka kwa majirani na mita yake kama mkusanya zaka. Nyumba ya tatu, iliyojengwa karibuni, mshale uliinuka sawasawa. Basi tukapatana na mwenye nyumba, tukavuta ekstensheni nene ya nyaya tatu kupitia juu ya kichochoro, ikafungwa kwenye mti wa turubai pasipofikiwa na mvua, na vyombo vyote vya kikundi, kuanzia kinanda hadi amplifaya, vikala kutoka ubao huo mmoja. Hakuna kilichoruhusiwa kuchomekwa katika soketi za nyumba ya harusi ila feni na friji. Baada ya Idi, dada yangu alimleta fundi wa nyaya mwenye leseni, akapigiwa fimbo ya shaba ardhini na kutiwa swichi ile inayojikata yenyewe umeme ukitoroka hata milliampia 30. Kijana sasa alipiga na miguu yake mitupu, na nyuzi zilikuwa nyuzi tu.

Ulibaki mvumo mdogo. Huo nao una habari yake, ingawa si ya roho ya mtu.

Fundi alimwambia kijana ashike gitaa na ajizungushe taratibu pale aliposimama. Kila alivyogeuka mvumo ulipanda na kushuka, na mahali pamoja ulikaribia kufa. Hiyo ni alama ya pikapu yenye koili moja: kama antena ya redio, ina upande inaosikia na upande inaokuwa kiziwi. Tulizima taa ndefu nyeupe za sebuleni, zile za mrija, na wale nyuki waliokuwa juu ya mvumo wakaondoka. Tulimsogeza mbali na amplifaya hatua tatu, maana ndani yake kuna transfoma, ukashuka tena.

Iko dawa kamili. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson, aliomba hakimiliki ya uvumbuzi wa pikapu yenye koili mbili, akapewa mwaka 1959. Koili mbili zimekaa bega kwa bega. Mvumo huingia katika zote kwa namna moja. Lakini ya pili imeunganishwa kinyume, kwa hivyo hii ikisukuma ile yavuta, na mvumo hujifuta wenyewe. Utauliza, mbona sauti ya uzi haifutiki nayo? Kwa kuwa sumaku ya koili ya pili nayo imegeuzwa, kaskazini ikawa kusini. Sauti ya uzi imepinduliwa mara mbili, na kitu kikipinduliwa mara mbili hurudi kilivyokuwa. Mimi niliyehangaika maisha yangu yote na vina na mizani sijaona beti iliyofungwa vizuri kama hiyo.

Mpwa wangu hakuitaka. Alisema pikapu hiyo ina sauti nene, naye ataka ile nyembamba inayokaribia udi. Nalifurahi moyoni, ingawa nalinyamaza.

Tukachagua njia ya kati: kulifunika tumbo la nyaya kwa madini, na madini hayo kuungwa na waya wa ardhi, ili kelele za angani zinaswe kabla hazijafika ndani. Hufanywa kwa utepe wa shaba. Hatukuwa nao, lakini jikoni palikuwa na bunda la karatasi ya fedha ya kufunikia masinia ya biriani. Karatasi hiyo haishiki lehemu, kwa hivyo ni lazima ibanwe chini ya vitufe ili iguse chuma. Tulifanya hivyo kwa ustadi mkubwa, tukafunga, tukachomeka. Kimya kitupu. Hakuna mvumo hata chembe. Tukapeana mikono. Kijana akapiga uzi. Kimya.

Tulikuwa tumelinyamazisha gitaa lote. Kwenye tundu la jeki, ulimi ule unaopokea sauti ulikuwa umeegemea karatasi ya fedha, na muziki wote ukawa wamwagika ardhini pamoja na kelele. Fundi alikata kipande kidogo kwa mkasi wa dada yangu, akabandika utepe wa plastiki, na gitaa likarudi na sauti yake na mvumo kidogo sana kwa nyuma, wa mtu anayewaza.

Jumamosi usiku mvua ilikatika. Mwimbaji alisimama, kinanda kikamfungulia njia, na beti zangu kumi na mbili zilisikika na vina vyake vyote, kila "mu" kwa wakati wake, mpaka shangazi mmoja akainuka kumtunza katika ubeti wa tisa, ndio hasa nilioutaka. Upande ambao gitaa lilikuwa kiziwi zaidi ulikuwa upande wa jikoni, na mpwa wangu alikaa ameuelekea usiku kucha, hageuki kulia wala kushoto. Kina mama walidhani ana njaa. Walimletea sahani tatu.

Fundi hakuketi na wageni. Alikaa nyuma ya turubai karibu na ule ubao wa soketi, sahani ya biriani mapajani na ndara zake miguuni, mpaka wimbo wa mwisho. Malipo yake aliyapokea kesho yake, tena kwa kushurutishwa. Anayedai mpaka leo ni dada yangu. Asema bunda lile la karatasi ya fedha lilikuwa jipya, na masinia manne yalikwenda kwa wageni yamefunikwa leso.